Viendeshi na staki ya mtandao juu ya keneli ndogo: maswali tunayoulizwa kila Jumamosi

Tunakutana Jumamosi asubuhi karibu na Ngong Road, Nairobi: wanafunzi, mafundi wa vifaa, na wachache wetu tulioajiriwa. Kazi yetu ni kuandika viendeshi (programu zinazoongoza vifaa) vya kadi za mtandao vinavyoishi nje ya keneli, kila kimoja ndani ya ua wake. Mgeni akija huuliza yale yale aliyouliza mgeni wa wiki iliyopita, na ni haki yake. Tumeyaandika hapa ili Jumamosi ibaki ya kazi. Kama jambo hili ni geni kwako, anza swali la 1. Kama bodi imekugomea mezani, nenda moja kwa moja swali la 14.

## Mwanzo

1. Keneli ndogo ni nini, na mbona kiendeshi cha mtandao hakimo ndani yake?

Keneli ni sehemu ya mfumo inayoendeshwa kwa mamlaka yote. Inafika kwenye kumbukumbu yote na kwenye kila kifaa. Katika Linux, mamlaka hayo yanagawiwa pia viendeshi, mifumo ya faili na staki nzima ya mtandao. Ni kama ploti ambayo kila mpangaji amepewa ufunguo unaofungua milango yote. Miezi inapita salama, lakini siku mpangaji mmoja akiporwa ufunguo, ploti nzima imeporwa.

Keneli ndogo inabaki na machache: kugawa muda wa prosesa, kulinda kumbukumbu, kupitisha ujumbe kati ya programu, na kufikisha intarapti ya kifaa (ishara kwamba kinahitaji kushughulikiwa) kwa programu inayokihudumia. Mengine yote ni programu za kawaida, kiendeshi cha mtandao kikiwemo. Kikianguka, kinaanguka peke yake.

2. Kwa nini mnahofia viendeshi kuliko sehemu nyingine?

Kwa sababu ndiko makosa yaliko. Mwaka 2001 watafiti wa Stanford walichunguza msimbo wa Linux na OpenBSD, wakakuta kiwango cha makosa katika viendeshi kinafika mara 3 hadi 7 ya kile cha keneli kwingineko. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington waliandika kwamba viendeshi vilisababisha asilimia 85 ya kuanguka kwa Windows XP kulikoripotiwa wakati huo.

Anayeandika kiendeshi kwa kawaida anaijua chipu kuliko anavyoijua keneli. Mwongozo wa chipu wenyewe huwa na makosa. Halafu kifaa kinafanya kazi sambamba na prosesa, kwa hiyo kumbukumbu unayoisoma inaweza kubadilika ukiwa katikati ya kuisoma. Kadi ya mtandao inaongeza tatizo lake: kila baiti inayoingia imetumwa na mtu usiyemjua.

3. Kiendeshi na staki ya mtandao vinatofautianaje?

Kiendeshi kinaijua chipu: rejista zake (vijisanduku vya kuiamrisha), namna ya kuiamsha, mahali pa kuiwekea bafa (nafasi za kumbukumbu za kubebea pakiti). Hakijui IP ni nini. Staki inajua itifaki za mtandao, yaani ARP, IP, UDP na TCP, na haijui chipu ni ya kampuni gani. Katika mifumo mingi viwili hivi vinaishi chumba kimoja. Sisi tunavitenganisha, na sehemu kubwa ya ukurasa huu inaeleza kwa nini.

4. Mnatumia keneli gani?

seL4. Ukoo wake ni L4, keneli aliyoiandika Jochen Liedtke nchini Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati ambapo watu wengi walikuwa wameona kasi ya Mach, keneli ndogo iliyotangulia, wakaamua kwamba keneli ndogo haziwezi kuwa za haraka. Liedtke aliwaonyesha kwamba ucheleweshaji ulitokana na namna Mach ilivyotengenezwa. Wazo la keneli ndogo halikuwa na kosa.

seL4 yenyewe ilitengenezwa Australia. Mwaka 2009 ilipata uthibitisho wa kihisabati kwamba msimbo wake unafanya kile ambacho maelezo yake rasmi yanasema, mistari 8,700 hivi ya lugha ya C. Mwaka 2014 msimbo ukawekwa wazi kwa yeyote, na 2020 ikaundwa taasisi ya kuutunza, seL4 Foundation.

Wako wanaokuja wakiijua Minix 3 ya Andrew Tanenbaum, QNX ya Kanada, au Genode ya Dresden. Karibuni. Mengi yaliyoandikwa hapa yanawahusu pia, ila majina ya vitu yatatofautiana.

5. Nahitaji kununua bodi?

Usinunue kwanza. Laptopu yenye QEMU, programu inayoigiza kompyuta nzima, inatosha kwa miezi mitatu ya mwanzo. QEMU inakupa kadi ya mtandao ya kuigiza aina ya virtio, ambayo kiendeshi chake ni kifupi kuliko vyote tulivyowahi kuandika, na pia e1000 ya Intel, ambayo mwongozo wake uko wazi kwa umma na umeandikwa kwa uangalifu. Anayetaka kuujua mtindo wa kadi halisi aandike ya e1000 akiisha kumaliza virtio.

Bando isiwe kizuizi. Njoo na flashi, tunakunakilia kompaila, Microkit (zana za kujengea mfumo juu ya seL4) na mifano yote.

Ukiamua kununua, angalia Ethernet imeunganishwaje na prosesa. Kwenye Raspberry Pi 3, poti ya mtandao imepita ndani ya USB: kabla hujatuma pakiti ya kwanza lazima uwe na staki nzima ya USB. Watu wawili wetu walifika na bodi hiyo wakiwa na furaha kubwa, na ilitubidi tuwaeleze. Pi 4 haina tatizo hilo, lakini ina jingine (swali la 12).

## Safari ya pakiti

6. Pakiti ikiingia inapitia wapi?

Hili ndilo swali la kulielewa hata ukiacha mengine yote. Chora kwenye karatasi ukisoma.

Kabla pakiti yoyote haijafika, kiendeshi kimeshaipa kadi orodha ya bafa tupu. Orodha hiyo ni pete: safu ya vijisanduku ndani ya kumbukumbu, kila kimoja kina anwani ya bafa na biti za hali, na ukifika mwisho unarudi mwanzo. Pakiti ikiingia kwenye kebo, kadi inachukua bafa inayofuata na kuandika pakiti humo yenyewe, bila kumwomba prosesa. Huko kuandika bila kuomba ndiko DMA. Halafu inapiga intarapti.

Keneli inapokea intarapti, inaifunga isipige tena, na kukitumia kiendeshi ishara. Kiendeshi kinaamka, kinatazama pete, kinakuta bafa zilizojaa. Hapa wengi hushangaa: kiendeshi chetu hakiifungui pakiti. Hakina hata ramani ya kumbukumbu ya kuisoma. Kinachoshika ni rejista za kadi, pete, na anwani za bafa. Kinahamisha anwani hizo kwenye foleni ya pamoja na kumwamsha anayefuata.

Anayefuata tunamwita mgawaji. Huyu anasoma kichwa cha Ethernet, anaona pakiti ni ya nani kwa anwani ya MAC, na kuipeleka kwenye foleni ya mteja husika, yaani programu inayotumia mtandao. Kati ya mgawaji na mteja yuko mnakili, ambaye anahamisha yaliyomo kutoka bafa ya DMA hadi bafa ya mteja (kwa nini, tazama swali la 8). Mteja ndiye mwenye staki: lwIP, staki tunayoitumia, inaishi ndani yake, inafungua IP, inafungua TCP, na programu yako inapata data.

Bafa ikishatumika inarudi njia ile ile, tupu, hadi kwenye pete ya kadi. Ndiyo maana kati ya kila majirani wawili pana foleni mbili: moja ya zilizojaa, moja ya zilizo tupu. Kila foleni ina mwandishi mmoja na msomaji mmoja tu, kwa hiyo haihitaji kufuli. Mpangilio huu si uvumbuzi wetu. Ni wa sDDF, mfumo wa viendeshi wa watu wa seL4, na tumeufuata kwa sababu kila kipande ni kifupi kiasi cha kusomwa chote kwa kikao kimoja.

7. Programu nyingi hivyo njiani, si itakuwa polepole?

Tupige hesabu. Kwenye kebo ya gigabiti 1, fremu (pakiti ikiwa kwenye kebo) kubwa ya kawaida pamoja na nafasi inayoizunguka ni baiti 1,538. Inachukua mikrosekunde 12.3 kupita, yaani fremu 81,000 na kitu kwa sekunde. Prosesa ya gigahezi 1 inapata mizunguko 12,300 kwa kila fremu. Kubadilisha kutoka programu moja hadi nyingine kwenye seL4 kunagharimu mizunguko ya mamia. Nafasi ipo ya kutosha.

Fremu ndogo kabisa ndizo zinazobana. Hizo zinaweza kufika milioni 1.488 kwa sekunde, na muda wa kila moja ni nanosekunde 672. Ukimwamsha jirani kwa kila pakiti, umekwisha. Dawa ni mafungu: kiendeshi kikiamka kinamaliza zote zilizoko kwenye pete, kisha kinamwamsha mgawaji mara moja. Mzigo ukizidi, mafungu yanakua yenyewe na gharama ya kila pakiti inashuka. Nilipoliona hili mara ya kwanza kwenye grafu nilikaa nikiitazama muda mrefu.

Na tukumbuke tulikotoka. Kabla KIXP, kituo ambapo watoa huduma wa Kenya hubadilishana pakiti, haijaanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 2000, pakiti kati ya watoa huduma wawili wa Nairobi ilipanda setilaiti hadi ng'ambo na kurudi. Mikrosekunde mbili tatu ndani ya kisanduku chako si kitu cha kukufanya urudishe kila kitu kwenye keneli.

8. Kwa nini mnanakili data? Nilifundishwa kwamba kunakili ni dhambi.

Wewe na mteja mwingine mnatumia kadi moja. Pakiti zenu zote zinaingia eneo moja la DMA, kwa sababu kadi haijui pakiti ni ya nani kabla haijaiandika. Mteja akipewa ruhusa ya kusoma eneo hilo, anasoma za mwenzake. Mnakili anafunga mlango huo.

Kama kuna mteja mmoja tu, au wateja wote wanaaminiana kweli, mwondoe mnakili. Foleni pande zote ni za aina moja, kwa hiyo mteja hatajua kuna mtu aliondoka. Ila pima kabla ya kumwondoa. Nakala ya baiti 1,500 ambazo staki itazisoma muda huo huo mara nyingi inagharimu kidogo kuliko unavyodhani, kwa kuwa data inakuwa tayari imeingia kwenye kache, kumbukumbu ndogo ya haraka ya prosesa.

9. Staki moja kwa wote, au kila mteja na yake?

Kila mteja na yake. Staki ndiyo inayofungua baiti za watu usiowajua, na historia yake si nzuri. Juni 2020 zilitangazwa kasoro 19 katika staki ya kampuni ya Treck, ambayo ilikuwa imeingia kwenye vifaa vya hospitali, vya viwanda na vya nyumbani, zikiitwa Ripple20. Desemba mwaka huo huo zikaja kasoro 33 katika staki nne za msimbo wazi: uIP, FNET, picoTCP na Nut/Net. Staki ya pamoja ikipenywa, wateja wote wamepenywa. Staki ya mteja mmoja ikipenywa, ni mteja huyo.

Tunatumia lwIP, iliyoanzishwa na Adam Dunkels nchini Uswidi. Watafiti wa zile kasoro 33 waliichunguza pia na hawakuikuta na kitu wakati huo. Hilo si cheti cha milele, na kila toleo jipya tunalisoma. Anayependa lugha ya Rust atumie staki ya smoltcp. Mmoja wetu anaitumia na haina usumbufu.

## Usalama

10. Keneli imethibitishwa kihisabati. Basi mfumo wangu uko salama?

Hapana. Natamani kila anayekuja Jumamosi aondoke na jibu hili hata akisahau mengine.

Uthibitisho wa 2009 unasema kwamba msimbo wa keneli unafuata maelezo yake. Una masharti, na masharti yameandikwa wazi: kwamba vifaa vya kompyuta vinafanya kazi ipasavyo, na kwamba DMA imezimwa au anayeidhibiti anaaminika. Soma hilo la pili tena. Kadi ya mtandao inaandika kumbukumbu bila kupitia prosesa, na keneli inalinda kumbukumbu kwa kupitia prosesa. Kiendeshi chenye nia mbaya, au chenye kosa la hesabu tu, kinaweza kuiambia kadi iandike pakiti juu ya keneli yenyewe. Nadharia zote zinabaki kweli, na mfumo wako umekwisha.

Uthibitisho pia hausemi lolote kuhusu namna ulivyogawa vibali. Ukimpa kiendeshi kibali cha kumbukumbu yote "kwa muda tu, nitarekebisha", keneli itakitekeleza kwa uaminifu.

11. Vibali ni nini hasa?

Kibali ni tokeni inayoshikwa na keneli kwa niaba ya programu: inasema kitu gani, na ruhusa gani juu yake. Asiye na kibali hana hata namna ya kukitaja kitu hicho. Kwenye Microkit unaviandika mapema katika faili la maelezo ya mfumo: programu hii inaona eneo hili la kumbukumbu, kusoma tu, ile inapokea intarapti hii, hizi mbili zina njia ya ishara kati yao. Faili hilo ndilo tunalolisoma kwanza tunapokagua kazi ya mtu, kabla ya C.

12. Sasa DMA nitaizuiaje?

Kwa IOMMU, kifaa kinachokaa kati ya kadi na kumbukumbu na kukagua kila anwani. Intel wanaiita VT-d, Arm wanaiita SMMU. Ukiipanga vizuri, kadi inaona bafa zake tu.

Kuwa nayo pekee hakutoshi. Utafiti wa Thunderclap wa 2019 ulionyesha kwamba mifumo mikubwa iliyokuwa na IOMMU ilikuwa ikiifungua kupita kiasi, na kifaa kilichochomekwa kingeweza kusoma visivyokihusu.

Bodi nyingi za bei nafuu hazina kinga hii kwa kadi yake ya mtandao, Raspberry Pi 4 ikiwemo. Hapo tunafanya mambo mawili. Sehemu inayobadilisha namba ya bafa kuwa anwani halisi tunaifanya ndogo iwezekanavyo, na kila anwani inakaguliwa kabla ya kuandikwa kwenye pete. Kisha tunaandika kwenye karatasi ya mradi, kwa herufi zinazosomeka, kwamba kiendeshi cha bodi hii kinaaminiwa. Anayenunua kisanduku ana haki ya kujua hivyo.

13. Kiendeshi kikidukuliwa, mdukuzi anapata nini?

Chukua kisanduku tunachokitengeneza cha kukusanya vipimo vya mita za maji kwenye ploti. Ukiacha wanakili, kina programu nne: kiendeshi, mgawaji, mteja anayesoma mita, na mteja anayeshika funguo za siri na kuongea na seva kwa TLS, itifaki ya kusimba mazungumzo. IOMMU ipo.

Aliyekiteka kiendeshi anaweza kuzima mtandao, kuchelewesha pakiti, kuzitupa, kutunga za uongo. Funguo za siri hawezi kuzisoma. Hawezi pia kubadilisha kimya kimya kipimo kinachokwenda kwenye seva, kwa kuwa TLS inaanzia na kuishia ndani ya mteja, na kilichobadilishwa njiani kitakataliwa. Kwa hiyo usimalizie TLS kwenye mgawaji kwa ajili ya kurahisisha kazi. Ukifanya hivyo umerudisha ule ufunguo wa ploti nzima.

Kutenganisha huku kumejaribiwa kwa ukali. Katika mradi wa HACMS wa DARPA huko Marekani, kikosi cha wadukuzi kiliwekwa ndani ya mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta) ya Linux kwenye helikopta isiyo na rubani ya Boeing, juu ya seL4, kikiwa na mamlaka yote ndani ya Linux hiyo. Hakikuweza kutoka humo kufikia sehemu nyingine.

Kwa Kenya lipo pia suala la Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayotaka ulinzi uwemo katika muundo tangu mwanzo. Vipimo vya maji vya nyumba ya mtu ni habari zake: vinaeleza yupo lini na hayupo lini.

## Inapogoma

14. Pakiti zinaingia lakini zina baiti za zamani. Wakati mwingine ping (pakiti ya kuuliza "upo?") inajibu, wakati mwingine haijibu.

Ni kache. Karibu kila mara ni kache. Kadi imeandika pakiti kwenye kumbukumbu, lakini prosesa ina nakala yake ya zamani ya sehemu hiyo na inakusomea hiyo. Kwenye mashine za x86 vifaa vinalishughulikia hili vyenyewe. Kwenye bodi nyingi za Arm ni kazi yako.

Kabla ya kutuma, sukuma kache ishuke kwenye kumbukumbu. Baada ya kupokea, futa nakala ya zamani kabla ya kusoma. Bafa zianze na kuishia kwenye mipaka ya mistari ya kache, kwa kawaida baiti 64, la sivyo ukifuta yako utafuta na ya jirani. Tunatumia bafa za baiti 2,048 kwa sababu hiyo.

QEMU haiigizi kache, kwa hiyo huko kosa hili halitaonekana kamwe. Nilipoteza wiki tatu za jioni kwa hilo nikiilaumu kebo. Nilibadilisha kebo nne.

15. Napata intarapti moja, kisha kimya.

Hukuikiri. seL4 huifunga intarapti ikishakufikishia, na inabaki imefungwa hadi useme umeishughulikia. Futa kwanza sababu ndani ya rejista ya kadi, kisha ikiri kwa keneli. Ukigeuza mpangilio, intarapti ya kiwango (inayopiga mradi sababu bado ipo) itapiga tena papo hapo na utazunguka bure.

16. Inafanya kazi dakika kumi au saa nzima, kisha inanyamaza bila kosa lolote.

Umepoteza ishara. Msomaji alimaliza foleni, akaamua kulala, akaweka bendera ya "niamshe". Kati ya kuangalia foleni na kuweka bendera, mwandishi akaingiza pakiti. Hakuona bendera, hakumwamsha. Sasa wote wawili wanasubiri.

Dawa yake: weka bendera, weka kizuizi cha kumbukumbu (amri inayomlazimisha prosesa kufuata mpangilio wa kusoma na kuandika), kisha angalia foleni *tena* kabla ya kulala. Ukikuta kitu, ondoa bendera uendelee. Kizuizi usikiruke kwa sababu "kwenye laptopu inafanya kazi". Prosesa za Arm hupanga upya usomaji na uandishi kwa uhuru kuliko x86.

17. tcpdump, programu ya kuchungulia pakiti, inasema jumla ya ukaguzi (checksum) ya pakiti zangu ni mbovu, lakini zinafika.

Kadi ndiyo inayoijaza ikiwa njiani kutoka, na tcpdump imeiona kabla. Kama zinafika kweli, acha. Kama hazifiki, huenda staki inadhani kadi inajaza na kiendeshi hakikuiambia kadi ijaze.

18. Kwenye QEMU, ping ya 10.0.2.2 inajibu lakini ya nje haijibu.

Anayejibu kwa 10.0.2.2 ni QEMU yenyewe. Mtandao wa kawaida wa QEMU unaendeshwa bila mamlaka ya msimamizi, na ping ya nje haiaminiki humo. Jaribu kwa TCP. Kutoka nje kuja ndani lazima uelekeze poti unapoianzisha QEMU.

19. QEMU ni safi, bodi halisi haitoi hata taa.

Taa ya poti inawashwa na chipu ya PHY, ile inayoongea na kebo, na hii si ile kadi uliyoiandikia kiendeshi. QEMU haikukufundisha habari zake. Angalia kwa mfuatano: umeme wa PHY, saa yake, pini ya kuiwasha upya, kisha kama unaweza kusoma namba yake ya utambulisho kwa njia ya MDIO, nyaya za kuongea na PHY. Ukisoma 0xFFFF kila mahali, hakuna anayekujibu: anwani si yake au bado imelala. Bodi nyingi huja na U-Boot, programu ya kuiwasha bodi, iliyokwisha kuamsha PHY, kwa hiyo kiendeshi chako kikifanya kazi ukianzia U-Boot yenye mtandao pekee, bado hakijakamilika.

20. Kiendeshi kikianguka naweza kukianzisha upya bila kuzima mfumo?

Ndiyo, na Minix 3 ilijengwa kwa wazo hilo: ina programu maalumu inayofufua viendeshi vilivyokufa. Shida ni kwamba kadi haijui kiendeshi kimekufa. Inaendelea kuandika pakiti kwenye bafa za zamani. Hatua ya kwanza ya kiendeshi kipya, kabla ya kugusa kumbukumbu yoyote, ni kuizima kadi na kusubiri ikubali. Bafa zilizokuwa mikononi mwa marehemu zihesabiwe upya zote, zisigawiwe mara mbili. TCP itavumilia pengo la sekunde moja. UDP utairudia mwenyewe.

Fanya hivyo hivyo mwanzoni kabisa, maana baada ya stima kupotea na kurudi hujui bodi iliamka katika hali gani.

## Pembezoni

21. Wi-Fi je? Na modemu ya 4G?

Hatuziandiki kutoka sifuri. Chipu ya Wi-Fi ina kompyuta yake ndani, yenye programu ya kampuni isiyosomeka, na kiendeshi cha Linux cha chipu hiyo ni makumi ya maelfu ya mistari. Tunaweka Linux ndogo ndani ya mashine pepe, tunaipa kifaa hicho kimoja tu, na inaongea na mgawaji kwa foleni zile zile za swali la 6. Haiaminiwi, na haihitaji kuaminiwa, mradi IOMMU ipo (swali la 12) na TLS iko kwa mteja (swali la 13).

22. Naweza kunakili kiendeshi cha Linux na kukirekebisha?

Kisheria, msimbo huo uko chini ya GPL toleo la 2, na kazi yako itafuata masharti hayo. Kiufundi, kiendeshi cha Linux kinatarajia keneli ya Linux imzunguke: kufuli zake, vipima muda vyake, ugawaji wake wa kumbukumbu. Genode wameifanya kazi hiyo kwa subira ya miaka mingi, wakijenga mazingira ya kukidanganya kiendeshi. Sisi tunakisoma kiendeshi cha Linux kama mwongozo wa pili, hasa pale penye maelezo ya kasoro za chipu, kisha tunaandika chetu. Bila ya vitu vingi vya hiari, kiendeshi cha Ethernet kinaingia kwenye mistari mia kadhaa.

23. Mafuriko ya pakiti yanaweza kuua programu nyingine?

Yanaweza, ukikipa kiendeshi kipaumbele cha juu bila kikomo. Mpe bajeti: muda fulani katika kila kipindi. Ikiisha, anasubiri kipindi kijacho, kadi inajaa na pakiti zinatupwa mlangoni. Kutupwa mlangoni ndiko tunakotaka, kwa kuwa hakujagharimu prosesa kitu. Mgawaji awe chini ya kiendeshi kwa kipaumbele, wateja chini ya mgawaji.

24. Viini vingi vya prosesa?

Uthibitisho wa seL4 ni wa kiini kimoja. Toleo la viini vingi lipo na linafanya kazi, ila halina uthibitisho huo. Kisanduku cha mita za maji hakihitaji cha pili.

25. Nimepata kadi ya bei nzuri Luthuli Avenue lakini haina mwongozo. Niichukue?

Iangalie kwanza kwenye laptopu ya Linux: amri ya `lspci -nn` itakupa namba mbili, ya mtengenezaji na ya kifaa. Intel ni 8086. Tafuta mwongozo wa chipu kwa namba hizo ukiwa bado dukani, kwa simu. Maandishi ya boksi usiyategemee. Niliuziwa kadi mbili zenye boksi moja na chipu tofauti.

Mwongozo ukipatikana na una sura ya pete za kupokea na kutuma pamoja na orodha ya rejista, ichukue na uje nayo. Usipopatikana, mrudishie mwenye duka kwa heshima, umwulize kama ana kadi ya zamani iliyotolewa kwenye seva. Hizo mara nyingi ni za Intel, miongozo yake iko wazi, na hakuna anayezigombania.